Injini Iliyonoki Njia ya Bangwe

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Hapa Kasingirima hatujambo, mdogo wako ameanza shule.

Umeuliza injini ya pikipiki yako itadumu miaka mingapi. Nilipokuwa mkunga, yangu ilianza kugonga. Fundi akaniambia, "Sista, mwaga oili leo, uweke mpya." Nikamjibu nina haraka. Siku ya pili ikanoki, ikakwama kabisa njiani nikienda Bangwe kuzalisha. Niliiacha, nikakimbia kwa miguu. Nikakuta mtoto ameshazaliwa, mama yake yuko peke yake sakafuni. Walipona wote wawili.

Injini ilitengenezwa, ikanibeba miaka kumi na minne, kwa kuwa oili sikuichelewesha tena. Lakini hadi leo pikipiki ikipita nje nasimama kuisikiliza.

Yako umeibadilishia oili lini? Nipigie ukimaliza kusoma. Sitatulia.

Bibi yako