Siku Hazirefuki Garsen

Jumapili, 6 Aprili 2025

Leo baada ya kanisa Mama kanipa shamba la bondeni, lile la chini kabisa karibu na mto. Kwa majaribio! Mpunga ukishika, ni langu. Nikiharibu, analichukua kaka Harrison, na yeye tayari ana lake kule juu. Harrison kacheka mpaka akakohoa. Acheke tu. Shule niliiacha form two, lakini kichwa sikukiacha huko.

Jumanne, 15 Aprili

Mama: panda, panda, panda. Kutwa! Nimemwambia tulia, kuna njia ya kisasa. Binamu Jairus yuko Denmark, anafanya kazi shambani, kanitumia voice note. Huko wanangoja siku zirefuke, ndipo wanapanda. Jua lao sasa linazama karibu saa mbili usiku, na mwezi wa sita litazama saa nne! Trekta wanazo, ng'ombe wao wanono kama viboko. Watu hao wanajua kilimo. Basi nami nangoja siku zirefuke. Napimia adhana ya magharibi. Ikianza kuchelewa tu — mbegu chini.

Alhamisi, 24 Aprili

Adhana — palepale! Kama jana, kama juzi. Jua gani hili? Ikifika saa kumi na mbili na nusu linafunga duka, basi. Mvua imeshanyesha, majirani wote wamepanda. Sadik, rafiki yangu Muorma, kapita na ng'ombe wa baba yake wakitoka bondeni. "Profesa, sisi tunahama, maji yanakuja. Wewe unalinda nyasi?" Nikamwambia akirudi kiangazi mpunga wangu utakuwa umemfika kifuani, na yeye mwenyewe mfupi. Ng'ombe mmoja akajisaidia katikati ya shamba. Mbolea ya bure, nikashukuru.

Jumamosi, 3 Mei

Linda, mdogo wangu wa form three, kanitobolea leo. Eti ikweta inapita hapo tu, ukishaivuka Garissa kidogo. Aliye karibu nayo, mchana wake na usiku wake ni karibu sawa mwaka mzima. Denmark ni mbali nayo mno, na dunia imeinama — miezi mingine inawalaza upande wa jua, mingine wanaligeuzia jua kisogo. Ndiyo maana wana joto lao na baridi yao. "Sisi majira yetu ni mvua, kaka. Ungengoja mpaka tukuzike." Mpaka mnizike! Mbona hukusema mapema? Anasema hakupata nafasi, nilikuwa nafundisha mimi. Ptuu! Wenzetu wana majira manne, sisi jua linatubania hata dakika! Nimepanda mchana kutwa. Mgongo si wangu.

Jumatano, 14 Mei

Hapa hakuna wingu hata la dawa. Kweupe! Lakini mvua ya huko Mlima Kenya imefika kwa miguu — mto umefura, rangi ya chai ya maziwa, na tangu asubuhi maji yako kwangu. Mpunga wa majirani umefika magotini, unasimama unapumua. Wangu urefu wa kidole. Unazama! Nimeinua tuta kwa jembe, maji yakalipita hata hodi hayakupiga. Mama kaja, kavua ndala, kaingia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Kasema tu, ng'oa miche tuipandishe juu ingali hai.

Juu wapi? Juu ni kwa Harrison! Nikiing'oa, shamba limekwenda. Nikiiacha, imekufa yote — na shamba limekwenda vilevile. Hesabu gani hii?

Harrison mwenyewe kaja na beseni. Hacheki. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. "Lete, mdogo wangu. Kwangu kuna nafasi." Kaliweka kati yetu, kainama, anang'oa taratibu asikate mizizi. Mimi nimekaa kwenye tuta naandika kwenye simu, mkono wa kushoto nimeshika fungu langu la kwanza la miche. Linavuja tope. Sijalitia kwenye beseni. Maji yamempita Mama magoti, na sasa ananiita kwa jina langu lote, mpaka la ubatizo —