Mbegu Alizogawa Baba Amani

Jumatatu, 9 Septemba

Maji, kuni, uji. Amani anaota meno, kazi yake kunyonya na kulia. Nimechoka hadi mifupa. Baba yake ameamka, akakaa ukutani mpaka jua likamfikia. Hataki kitu. Kisimani jirani yangu Mama Sifa akanichokoza: "Bwana yako anaota jua sawa samaki. Akikauka utamuuza?" Wakacheka. Nami nikacheka. Nikarudi na dumu langu na hasira zangu.

Tangu sisi wakimbizi tulipokataliwa safari ya kuhamia ng'ambo, mume wangu hasemi. Kabla ya hapo baba yake mzazi alizikwa kwetu Fizi, ng'ambo ya mpaka, bila yeye.

Jumatano, 11 Septemba

Mawingu yamefunga. Kambi yetu nzima ya Rubondo iko shambani. Mume wangu amefungua gunia la mbegu, maharage ambayo hatukuyagusa hata tulipolala njaa, akawagawia majirani bakuli kwa bakuli. Jembe lake pia kalitoa. Nikamuuliza tutapanda nini. "Mungu atakupa, wewe na mutoto." Yeye mwenyewe hakujihesabu.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani Pasta alimsimamisha mbele. "Muone ndugu yetu. Amekufa kwa mambo ya dunia." Watu wakapiga makofi. Yeye akatabasamu, mara ya kwanza tangu sijui lini. Lile tabasamu lilinikausha mate.

Mkulima hagawi mbegu mvua ikiwa mlangoni. Wanaona utakatifu. Mimi naona mtu asiyengoja mavuno.

Baada ya ibada nilimfuata Pasta, nikamwambia naogopa atajiua. Akasema nisitaje jambo lile, kulitaja ni kuliita. Afunge, wataomba. Afunge nini, mtu asiyekula?

Jumatatu, 16 Septemba

Nimelitaja. Mchana, nyuma ya nyumba, mtoto mgongoni. Nikamuuliza waziwazi: unataka kujiua? Nilidhani kitu kitapasuka. Hakikupasuka. Kuku waliendelea kuchakura. Akasema, "Nimechoka kuwa muzigo." Akalia.

Kwetu mwanaume halii. Nikamfunika kwa kitenge changu, majirani wasione. Halafu nikakiondoa. Waone.

Dawa ya kunyunyizia shamba nimempelekea Mama Sifa aifungie kwake. Nikamwambia sababu. Hakucheka. Alikuja na mkeka, akakaa mlangoni petu mpaka jioni, akimsimulia Baba Amani jinsi mbuzi wake alivyokula Biblia ya shemasi. Hakumwuliza chochote. Nampenda yule mwanamke na mdomo wake.

Jumanne, 17 Septemba

Pikipiki mpaka Kaberebere, kisha taksi mpaka Mbarara. Njia nzima nimemshika mkono. Alitaka turudi. Nilikataa. Nampenda, na nilikataa.

Pasta alipiga simu kusema imani yetu ni ndogo. Nikamwambia, "Endelea kuomba, Pasta. Sisi tuko kwa daktari." Sijawahi kumjibu hivyo.

Hospitalini foleni ndefu, Amani ana joto, nepi zimeisha. Nesi Mganda, Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, akamuuliza mbele yangu bila kunong'ona: "Mzee, unafikiria kujiua? Sema tu. Hapa hakuna mtu atakucheka."

Nilimwangalia mume wangu miguu. Niliogopa atasema hapana, waturudishe nyumbani.

Akasema ndiyo.

Wamemlaza.

Jumapili, 22 Septemba

Bado Mbarara. Masista wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto, wamenipa pa kulala na mtoto. Asubuhi navuka mto kwenda wodini. Daktari anasema twende polepole, dawa huchukua muda, na maneno pia. Sijui. Kuna saa bado anageukia ukuta. Mvua imeanza na shamba letu ni tupu.

Leo nilimpelekea chai. Akaonja, akakunja uso.

"Haina sukari hii."

Mtu asiyetaka kitu, leo anataka. Kisha nikaenda kitanda cha jirani kuomba sukari.