Tenda ya Mizani

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Leo tumefungua sanduku la tenda! Ofisi ya umoja hapa Ipogolo, Iringa, ilijaa. Wanachama wetu, wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, wamechoka na lumbesa. Mnunuzi anashindilia gunia mpaka linaota kichwa, halafu anasema hilo ni gunia moja. Ndio maana mkutano mkuu ukaamua kazi ya kupima ipewe kampuni ya nje, waje na mizani yao, kila kitu kwa kilo. Na katibu wa tenda nani? Mimi Lugano! Form four, hesabu sifuri. Tenda nimejifunza YouTube.

Mwenyekiti, Mzee Anord, akachekesha watu: hawa Wanyakyusa ukiwapa kalamu tu wanajiona mawaziri.

Sanduku lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao Mama Sabina, mtunza sanduku. Bahasha tatu. Nikaanza kusoma ya kampuni ya Uyole, Mbeya — nikarudi juu nikasoma upya. Wamefuata karatasi yangu ya alama, ninayotumia kuwapa waombaji maksi! Ile ya siri! Mpangilio uleule. Halafu mimi nilikosea namba, baada ya sita nikaandika nane. Na wao vilevile. Sita, nane. Saba haipo!

Karatasi ile ina nakala mbili tu. Moja yangu. Nyingine nilimpa Mama Sabina aifungie.

Nachunguza kwanza.

Jumanne, 13 Agosti 2024

Mama Sabina kapigiwa simu. Nilivyoingia akashusha sauti, akahamia Kihehe. Mimi Kihehe naishia kwenye salamu, "kamwene". Chini ya meza yake kuna mfuko wa viazi mviringo. Viazi vya Mbeya vile, navijua! Nani kaleta?

Akaniuliza: "Mwanangu, mbona unanikodolea hivyo? Umekula?"

Akanipa viazi viwili vya kuchemsha. Nimekula. Lakini naandika hapa — nimekula huku namshuku.

Jumatano, 14 Agosti 2024

Uyole. Nimetumwa kukagua mizani. Mwenye kampuni anaitwa Jailos, mtu mpole, anaongea taratibu mpaka unasinzia. Mizani ni nzuri, nimepanda mwenyewe, kilo 58. Nikamtega: haya maombi mliandika wenyewe? Akajibu bila aibu hata kidogo: "Hapana, dogo, tuliandikiwa hukohuko kwenu Iringa. Yule dada anajua kazi."

Kwenu! Dada! Mama Sabina ana miaka hamsini na kitu, lakini wafanyabiashara wanamwita nani dada? Kila mwanamke!

Nimelala kwa mama hapahapa Mbeya. Barua ya kumshtaki Mama Sabina kwa mwenyekiti nimemaliza. Kurasa mbili, jina langu chini, sahihi.

Alhamisi, 15 Agosti 2024

Nimemkabidhi Mzee Anord. Kasoma mara mbili. Nilitegemea afoke. Wapi! Ameikunja vizuri, akaniambia nimefanya kazi ya kiume. Kikao Jumapili, Mbuyuni, watu wakitoka kanisani. Ajenda moja: kumfuta Mama Sabina uanachama.

Kumfuta?! Mimi nilidhani watamtoa kwenye sanduku tu. Maana asiye mwanachama hana zamu ya maji kwenye mfereji wa umoja, na vitunguu vya yule mama bado wiki tatu ardhini. Kwa jua hili? Vinakuwa majani ya mbuzi. Nikasema mzee, sikuandika afutwe. Akasema sio wewe, ni katiba.

Ijumaa, 16 Agosti 2024

Mama Sabina ameshaambiwa. Hajalia. Kafuta vumbi sanduku la tenda, kaniwekea ufunguo mezani. Hajui nani kaandika. Akaniuliza mimi! "Lugano, wewe unaingia huku na huku, hujasikia ni nani?"

Nikasema sijasikia.

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Mungu wangu.

Nimeenda stationery kutoa kopi za ajenda. Palepale ninapochapaga kila kitu maana printa ya ofisi ni pambo. Happy, mchapaji wa pale, akafungua kompyuta yake — faili langu la alama liko pale mbele, linang'aa! Nikamuuliza hili linafanya nini hapa. Akashangaa mimi kushangaa. Kazi za wateja si anazitunza? Mtu akitaka barua ya kuomba kazi, anachukua ya mwenzake anabadilisha jina. CV hivyohivyo. Akaja kaka wa Mbeya anataka kuandikiwa mambo ya tenda — "nikasema ipo sampuli nzuri ya Lugano, nikajaza humohumo. Vibaya?"

Yule dada anayejua kazi. Ni Happy!

Jailos hajaiba. Happy hajauza. Mama Sabina nakala yake sidhani hata ameigusa. Flash niliyochomeka pale ni yangu, mdomo uliosema sijasikia ni wangu, barua ni yangu.

Nimekimbia kwa Mzee Anord, nimemwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Akasema kaa. Akasema ukitoboa hilo, tenda inafutwa, lumbesa inaendelea, na wewe kazi huna. "Mama Sabina kachoka, apumzike. Nenda kalale, kijana."

Kwa nini hakushtuka? Mtu anaambiwa anamfukuza asiye na kosa, anaendelea kumenya chungwa?

Nimewaza njia nzima. Maji yakitoka shamba la Mama Sabina yanaingia shamba gani? Zamu yake ikifutwa, linalofuata kwenye mfereji ni la nani?

La Mzee Anord.

Au nashuku tena bure? Sijiamini tena hata kushuku!

Jumapili, 18 Agosti 2024

Ruaha Mbuyuni. Mapumziko ya chai, dakika kumi. Nimejificha nyuma ya ghala.

Watu wamekuja wengi, na nguo zao za kanisani. Wanasema tusikie hiyo barua. Mzee Anord kasema katibu ataisoma baada ya chai, akanipa. Ameikunja chini, akabana kwa pini. Palipo na jina langu hapaonekani.

Mama Sabina akasimama. Akasema yeye hana maneno, zamu yake ya maji ni kesho asubuhi, anataka tu kumjua aliyemwona anauza siri. Halafu akanigeukia, mbele za watu wote: "Soma taratibu, mwanangu. Na ukifika mwisho usome na jina."

Watu wakapiga makofi. Mzee Anord naye akapiga.

Pini nimeitoa. Nimeirudisha. Nimeitoa tena, imenichoma kidole. Vikombe vinakusanywa. Mtu anaita katibu, katibu yuko wapi —