Mlango Uliopigwa Mnyororo

Nyumbani,
Chumba cha uani, maana sebuleni hapakaliki kwa vumbi.
Jumatano, tarehe 9, mchana.

Mjukuu wangu mpendwa, Msomi wetu,

Mtu mwenye vyeti vitatu ukutani hatii sahihi karatasi ambayo hajaisoma. Wewe umetia. Haya, sasa tusalimiane.

Hujambo? Wa nyumbani kwako hawajambo? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na wazazi? Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, lakini limezoea kulalamika na mimi nimezoea kutolisikiliza. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, na mwalimu wa nyumba ya pili ataipiga picha akutumie leo hii. Sikupigii simu kwa sababu kila ukisikia sauti yangu imepanda, mtandao wako unaharibika. Karatasi haina mtandao.

Nianze na mazuri, usije ukasema bibi haoni jema. Paa limekwisha na halivuji. Nyaya za umeme zilizokuwa zinatoa cheche zimebadilishwa. Choo kinavuta maji kwa mkupuo mmoja kama kimekasirika. Kwa hayo Mungu aubariki mfuko wako. Sakafu nyekundu ya saruji haijaguswa, maana nilimwambia fundi akitaka kuiwekea vigae aanze kwa kunivunja mimi.

Sasa huyo fundi. Uliponiambia umempata mtu anayejua nyumba za zamani, nilikubali. Hapa kila mtu anamwita Usijali, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa lolote. Swichi zile nyeusi za duara zimekwenda wapi? Usijali. Kabati la ukutani lenye vioo vya kusukuma? Usijali, bibi, limehifadhiwa. Na milango minne ya babu yako? Imehifadhiwa nayo, vumbi lisiiharibu. Nilianza kumshuku siku aliponiamkia mara tatu asubuhi moja. Adabu ikizidi hivyo, kuna kitu inakifunika.

Halafu chai. Siku tatu mfululizo aliniomba birika zima la chai ya rangi, kali, bila sukari. Nikamwonea huruma, nikadhani ana kisukari. Nikawa namwongezea majani.

Jana nikasikia kishindo cha chuma nyuma ya nyumba, nikatoka. Nikamkuta Usijali amelaza mlango mpya juu ya magogo mawili, anaupiga kwa mnyororo. Pembeni, birika langu. Anapiga, anachovya kitambaa kwenye chai, anapaka. Kumbe chai yangu yote ilikuwa inanywewa na mbao.

Nikamuuliza mlango umemkosea nini.

"Usijali, bibi, nauzeesha kidogo."

"Mimi nina miaka themanini na mmoja, na hakuna aliyenipiga mnyororo ili nizeeke."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikapitisha ukucha kwenye pembe ya mlango, nikakuta vichwa vya misumari vimezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Babu yako alikuwa seremala, na mlango wake hauna msumari hata mmoja. Ulimi wa ubao huu unaingia kwenye tundu la ubao ule, vinashikana kama mtu na ndugu yake. Miaka hamsini na kitu, mvua zote hizo, watoto wote hao wa kubamiza, na hakuna uliolegea. Nikamwambia haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu neno ambalo hata sasa halijanishuka kooni:

"Bibi, mkataba unasema nyumba ibaki na mwonekano wa zamani. Mwonekano. Hausemi mlango wa zamani."

Neno hilo nalijua ni la kwako, maana hapa hakuna anayesema hivyo. Mwonekano ni wa mpita njia, mwanangu. Mimi ninaishi ndani, na ndimi ninayefungua na kufunga.

Nikamtaka anipe hiyo karatasi, nikaenda nayo kwa mwalimu. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini tuliisoma mstari kwa mstari, yeye kwa miwani, mimi kwa kidole. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, pameandikwa kwamba vitu vyote vitakavyotolewa katika nyumba vitakuwa mali ya fundi. Na chini ya hapo sahihi yako, imejipinda kwa madaha.

Nikuulize bila kuzunguka: ulijua? Kama ulijua, umeigawa milango ya babu yako na mimi nikiwa hai, tena kimyakimya. Kama hukujua, basi ada yako ya shule tuliitupa mtoni. Bado sijaamua lipi kati ya hayo nikuombee.

Leo asubuhi mimi na shangazi yako tumekwenda kwenye karakana ya Usijali. Kabati limo, na milango yote minne imo, imeegemezwa ukutani, kila mmoja umeandikwa kwa chaki: IJUMAA. Mwenye duka la jirani akatuambia kuna mtu wa hoteli ameichagua na siku hiyo anakuja na gari. Nikaushika ule wa sebuleni, wenye kioo cha kijani. Babu yako aliutengeneza nikiwa na mimba ya baba yako. Alipima upana wake kwa kunisimamisha mimi na tumbo langu, ndiyo maana ni mpana kuliko mingine. Huo mpya ni mwembamba, na pengo lililobaki Usijali anataka kuliziba kwa ubao.

Alipofika hakugomba. Akasema kwa upole kwamba mteja wake si mimi, mteja ni aliyetia sahihi, na huyo akiandika kwamba vitu virudi, vitarudi. Upole wake siuamini, lakini hapo amesema kweli. Nyumba ni yangu, mkataba ni wako. Nimemwacha shangazi yako kwenye mlango wa karakana, na kigoda chake na kitambaa chake cha kufuma. Amesema hatoki. Unamjua. Nilipoondoka, Usijali alikuwa ameshamwamkia mara mbili.

Baba yako anakusalimu, ila amekataa kuongeza neno hapa, anasema ya kwangu yanatosha. Msalimie mkeo, na umwambie picha ya sebule aliyoiomba haipo, kwa sababu sebule yenyewe haipo. Vitukuu vyangu uvibusu kimoja kimoja, usivifanyie jumla. Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe watu wa kukuambia ukweli hata ukiwa hutaki kuusikia.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata nikikufokea.

Sasa chukua kalamu. Andika kwamba milango minne na kabati virudi mahali pake, na neno mwonekano lifutwe. Swichi abaki nazo, zilikuwa zinaniuma vidole. Tia sahihi, umtumie fundi leo leo, kabla shangazi yako hajashikwa na njaa akainuka.