Hitima ya Mtu Aliye Hai

Busia, upande wa Kenya
Jumapili, 18 Agosti 1996
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Pangani

Kwa dada yangu Zaina,

Shikamoo dada. Nakujulia hali kwa furaha na kwa aibu, maana mwezi uliopita nilikusomea hitima. Magoti yanaendeleaje? Yule daktari wa macho ulimwona? Mimi mzima, ila kifua hunibana mvua zikianza, na zimeanza.

Mkeka ulionitumia umefika. Dereva wa lori kutoka Tanga aliuleta mpaka Malaba, nami nikaufuata huko. Alinikabidhi akasema, "Babu, bibi anakusalimu. Anauliza kama bado uko hai." Nilikaa juu ya mkeka huo huo, kando ya foleni ya malori, watu wakinipita.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Unajua nilifanya kazi maktaba. Tangu nistaafu, kila Jumamosi narudi pale kuwafundisha watu wazima kuchunguza habari: ya gazetini, ya matangazo ya dawa, ya sokoni. Hapa mpakani uvumi ni biashara. Mtu anatangaza asubuhi kwamba mpaka umefungwa, wakulima wa Bukhayo wanauza mahindi kwa bei ya kutupa, na jioni mtu huyo huyo anayavusha. Mama Nekesa, mkulima wa Busibwabo, alipoteza mavuno yake hivyo, ndiyo maana hukaa kiti cha mbele. Nawafundisha maswali matatu tu. Nani amesema? Ameona mwenyewe au amesikia? Nani mwingine anaweza kuthibitisha? Wanayakariri kwa sauti kama watoto wa chuo cha Kurani.

Sasa, mwezi uliopita dereva mwingine aliniambia kwamba amepita Pangani, akakuta majamvi yametandikwa nje ya nyumba moja karibu na soko, akaambiwa amefariki mama msusi wa mikeka. Basi. Jina hakutaja, na mimi mwenye maswali matatu sikuuliza hata moja. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wanasuka mikeka, dada! Simu iko posta, hatua chache kutoka maktaba. Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Rukia, "Dada amenitoka." Wanafunzi wangu, karibu wote Wakristo, walikuja na sukari, majani na kuku, wakakaa na sisi mpaka tulipomaliza kukusomea hitima.

Jana niliwaambia ukweli.

"Mwalimu," Mama Nekesa akauliza, "yaani huyo mama yuko?"

"Yuko. Amenitumia mkeka."

"Na wale kuku tulikula?"

"Kuku hawezi fufuka, mama," akasema Mzee Ekisa, fundi wa baiskeli. "Hiyo wacha. Mimi nauliza moja tu. Mwalimu, nani alisema?"

Darasa zima likamfuata: "Aliona mwenyewe ama alisikia?" Walicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Nilicheka nao. Hapo ndipo Mama Nekesa aliponionea huruma.

"Mwacheni mzee," akasema. "Mtu ukimpenda sana, akili inapotea. Ni uchungu tu."

Wakakubali kwa heshima. Nami nikasema, "Asante, mama," nikafungua somo.

Hiyo ndiyo aibu yangu, dada. Ya kuku itapita. Niliwaacha waondoke na habari isiyo ya kweli, eti ni uchungu tu, kwa sababu ilinifaa. Dereva aliponiambia nililia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Lakini chini yake nilihisi kama nimetua mzigo. Wazazi walikwisha tangulia, umebaki wewe peke yako wa kuniuliza nitarudi lini. Mpaka wa Tanzania ulipofungwa nilikuandikia kwamba nimezuiwa. Ulipofunguliwa nikaandika baada ya mavuno, kisha baada ya Idi, kisha nikistaafu. Na kila mara ulikipaka chokaa kile chumba cha uani ukaningoja. Sikumuuliza dereva jina la marehemu kwa kuwa niliogopa litakuwa la mtu mwingine.

Rukia hajui haya. Ni wewe tu nimekuambia, na ukinikasirikia una haki.

Nisalimie shemeji yangu, mwanao fundi cherehani, na jirani yetu mwadhini kama sauti yake bado ipo. Ulizia pia ni nani aliyefariki karibu na soko, unipe jina lake, kwa sababu hitima ile nataka imfikie mwenyewe.

Chumba cha uani usikipake chokaa tena. Mpe mjukuu wako aliyeolewa, ajaze watoto humo. Miaka yote hii nimekutumia uvumi juu yangu. Hii ni habari, na umeipata kwa mwenyewe: mimi sitarudi.

Ndugu yako,
Athumani