Mutoto Mumoja, Jino Moja

Siku ya Mungu, 7 Septemba 2025

We Pulchérie! Ulipotelea wapi? Tangu mwezi wa saba haujaandika hata mustari mumoja kwa karatasi zako. Bamama ba kanisa balikufundisha herufi na uzee wako wote, na we unazilaza njaa! Mutu muzima kujikimbia mwenyewe. Aibu. Keti. Shika kalamu.

Basi. Mujukuu wangu Ketsia iko na mimba ya miezi saba. Bwana yake Willy anachimba zahabu kule Lulimba, njo akamuleta kwangu hapa Baraka nimuchunge. Mi koko yake, bibi mwenye kuzaa saba! Nani atamuchunga kunipita?

Asubuhi alisugua meno, akatema damu. Nilimunyanganya ile brosi.

— Koko, rudisha!

— Sirudishi. Fizi inatoka damu, we unaisugua tena? Kidonda unakisuguaka?

Akanifuata mupaka choo. Nikaitupa ndani ya shimo. Akakasirika, halafu akacheka, juu mi nilikuwa nacheka sana. Mutoto wangu huyu hajui kununa.

Siku ya tatu, 10 Septemba

Tulienda kupimisha mimba. Immaculée, ule muuguzi, infirmière mwenye sauti ya chini, alimufungulisha kinywa. Fizi nyekundu, zimevimba. Jino la nyuma lina tundu.

Akasema mimba yenyewe inafanya fizi zivimbe na zitoke damu upesi. Kwa hiyo asugue, asiache! Brosi laini, asubuhi na mbele ya kulala. Akitapika, asukutue na maji kwanza, angoje kidogo njo asugue. Na wiki hii aende kwa muganga wa meno, lile tundu lizibwe.

Mi nikaruka.

— Jino la mwenye mimba haliguswi! Muzizi wake umeshikana na tumbo. Ukilingoa, mutoto analifuata.

— Koko Pulchérie, Immaculée akauliza, na yako meno iko wapi?

— Nilizaa saba, yakaenda saba. Mutoto mumoja, jino moja. Njo kodi ya kuzaa!

Bamama bote kwa benchi bakacheka. Nikasimama kidogo, nionekane muzuri. Napendaka kuchekesha batu. Immaculée peke yake hakucheka. Alisema mutoto hakulaka meno ya mama yake, ni uchafu na sukari njo vinayakula, na hata hayo yangu yangebaki kama mutu angeyachunga.

Nilimuvuta Ketsia mukono. Njiani aliniuliza: na kama anasema kweli? Nikamujibu: ule amezaa ngapi?

Siku ya tano, 12 Septemba

Jino linamuuma. Nilimuwekea tumbako ndani ya tundu. Akatapika mupaka akakaa chini.

Cassilde alipita na jembe yake. Ni mukimbizi wa Burundi, tunalima mihogo pamoja, shamba yake inagusa yangu. Akamuona Ketsia ameshika shavu.

— Mukubwa, peleka mutoto hospitali. Mimi nilingolewa jino nikiwa na mimba. Balinidunga sindano kwa fizi, sikusikia kitu. Kezimana wangu wa mimba ile si huyu, anakula mihogo yako kila siku?

— Jino la Burundi na la hapa si moja.

— Ehe! Kumbe hata meno iko na karte ya mukimbizi?

Akaenda akicheka. Mi nikabaki na hasira. Hasira ya nini, sijui.

Siku ya sita, posho, 13 Septemba

Shavu limevimba. Ugali haupiti, alikunywa uji tu.

Ketsia: Koko, twende.

Nikasema kesho, tukitoka kanisani.

Kesho! Ile neno ilikuwa nyepesi kwa kinywa yangu.

Siku ya Mungu, 14 Septemba

Hatukufika kanisani. Mwili wake ulikuwa moto sawa sufuria. Uvimbe ulipanda mupaka karibu ya jicho, kinywa kinafunguka kidogo tu. Niliita Cassilde kwa makelele — mi, niliyemufukuza na maneno! Alikuja na mavumbi ya miguu. Tukamupandisha kwa moto, pikipiki ya kukodi, Cassilde akamushika kwa nyuma. Mi nikafuata na pikipiki ingine mupaka hospitali, nikiomba Mungu kwa Kibembe, juu Kiswahili kilinikimbia.

Docta wa meno ni binti, Aline. Angeweza kuwa mujukuu wangu. Aliangalia, akasema usaha umejaa, mungengoja tena ungeshuka kwa koo na kumufunga pumzi. Kumufunga pumzi! Wakati mi namupikia uji.

Alimudunga sindano kwa fizi. Akatoboa, usaha ukatoka, harufu yake sitaisema. Halafu akangoa jino. Mi nilisimama pale macho kwa tumbo la Ketsia, nangoja mutoto afuate. Jino likalia ndani ya sahani. Mutoto hakufuata. Akapiga teke, niliona kitenge kinaruka.

Uongo wangu wa miaka yote ukaisha pale, kwa kitambo kidogo.

Docta akauliza: nani alimukawisha hivi? Ketsia hakuweza kusema, pamba kinywani. Aliniangalia. Halafu akatikisa kichwa: hakuna mutu.

Afazali angeninyooshea kidole.

Tulikuwa tunatoka, njo tumbo lake likaanza kukaza. Docta alisema ile homa inaweza kuamusha uchungu mbele ya wakati. Bakamupeleka materniti, kwa nyumba ya kuzalisha.

Siku ya kwanza, 15 Septemba

Naandika kwa veranda ya materniti, ya jana na ya leo pamoja. Cassilde aliniletea karatasi hizi, na mihogo ya kuchoma. Sikula.

Tumbo linakaza, linaachia. Bamemuwekea maji ya mushipa. Balimudunga sindano ya kusaidia mapafu ya mutoto, kama atakuja sasa. Miezi saba! Immaculée aliweka sikio kwa kile kipembe cha kusikilizia mutoto tumboni, akasikiliza, akaniita na mi niweke langu. Moyo unakimbia sawa mutu mwenye haraka. Hakunigombeza. Nilingoja anigombeze, hakufanya.

Willy alipiga telefone kutoka Lulimba. Ketsia bado anasema na taabu, akanionyesha nimupe ile telefone. Sauti ndogo: «Ni jino tu. Koko ananichunga muzuri.»

Nilitoka inje. Napendaka kusema, kila mutu hapa Baraka anajua mudomo wangu. Leo mara tatu nilikaribia kitanda yake nimuambie: ni mi nilikukataza, nilikosa. Mara tatu nikamuuliza kama anataka maji.

Kwa karatasi inatoka. Kwa kinywa inagoma.

Sasa Ketsia analia na uchungu, ni sauti yake. Immaculée amefungua mulango: «Koko, bitenge bya kumupokea mutoto biko wapi? Kuya!»

Naenda. Na we Pulchérie, sikia: usirudi kufungua karatasi hizi mbele ya kumuambia Ketsia kosa lako, uso kwa uso, na kisha Willy. Ukisha kusema, kuya uandike. Na uanze na habari ya mutoto.