Mke Mwenzangu Hana Mapafu

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisikilize kabla sijaimwagia kompyuta ya mume wangu supu ya miso, maana wivu umenishika, na huyo ninayemwonea wivu hana mwili, hana kwao, na kila nikimweleza mtu anacheka. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nakunja gyoza, zile sambusa ndogo za Kijapani, mchana kutwa kwenye duka moja hapa Hamamatsu, na mume wangu Nobutaka ni karani wa kampuni ya malori, mtu mpole, hanywi sana, hajawahi hata kunipandishia sauti, lakini ana Sayoha.

Sayoha ni yule mwimbaji wa kompyuta, binti wa kuchorwa mwenye nywele za rangi ya chai ya kijani, unanunua programu yake, unaandika maneno na noti za muziki, naye anaimba, na watunzi kama mume wangu wako maelfu, kwa hiyo mimi sikuletewa mke mwenza wa nyumba, nimeletewa mke mwenza wa taifa. Nobutaka akitoka kazini anakula haraka haraka, anavaa spika zake za masikioni, anaanza kumnyoosha silabi moja moja, hapa anamlegeza, pale anamkaza, na mimi naosha vyombo huku namsikia akimnong'oneza, "Hapo sawa, hapo vizuri sana," maneno ambayo mimi ninayempikia sijayasikia tangu harusi. Siku ya kuzaliwa ya Sayoha, yaani siku ile programu ilipotoka, anamnunulia keki kama wafanyavyo mashabiki wenzake, anaiweka mbele ya picha yake, na mishumaa ni ishirini, mwaka jana ishirini, mwaka huu ishirini, binti hazeeki, wakati keki yangu mimi aliichomeka mshumaa mmoja tu akasema tusijaze moshi ndani. Nilimlalamikia mama mkwe, naye akaendelea kumenya chungwa lake, kisha akaniambia, "Mwanangu, shukuru. Huyu hali, hapigi simu, wala hatazaa."

Hayo yote ningeyameza, mshauri, kilichonishinda ni pumzi. Unajua kompyuta haihitaji kupumua, inaweza kuimba kuanzia asubuhi hadi jioni bila kutua, na ndiyo maana nyimbo nyingi za namna hiyo zinasikika kavu, lakini tangu mwaka jana nyimbo za Nobutaka zikaanza kupendwa mtandaoni, na yale maandishi ya watazamaji yanayopita juu ya picha wakati wimbo unacheza yakawa ni hayo hayo, Sayoha wa bwana huyu anapumua, Sayoha huyu yuko hai, pumzi ile kabla ya mstari wa mwisho imenitoa machozi. Mimi nilidhani ni ufundi wake. Alikuwa amebandika kinasa sauti kidogo juu ya friji akaniambia anakusanya sauti ya kikaango, nikaamini, maana watu hawa hurekodi hata mlango wa lifti, na kila akitunga wimbo mpya alinipa maneno akaniomba niyaimbe wakati naosha mchele, eti aone kama yanakaa vizuri mdomoni, nami nikaimba kwa moyo wote, nikijidanganya kwamba anapenda kunisikia.

Ndipo jioni moja akaja rafiki yake Kuramochi, yule anayechora picha za nyimbo zake, tukapika chungu cha mboga na samaki, pombe ya sake ilipomwingia akanigeukia akasema, "Shemeji, hongera. Nchi nzima inalilia pumzi zako na wewe umetulia tu hapa unakoroga chungu." Nikamuuliza pumzi zipi. Akacheka, akidhani namtania. "Si hizi anazokata Nobu humu jikoni anambandika Sayoha? Na pale sauti inapodondoka mwisho wa neno, pia ni wewe, anakuiga silabi kwa silabi." Nikamtazama mume wangu, naye akainamia bakuli lake kama anatafuta mfupa ndani ya tofu, jibini laini la soya. Mshauri, chakula nimepika mimi, sifa kapelekewa jirani, na aliyebeba sahani ni mume wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo siimbi. Naosha mchele kimya, nakunja nguo kimya, nikihisi wimbo unataka kutoka nauma mdomo. Sasa wimbo wake mpya umechaguliwa kwa onyesho la ukumbi wa mji, lile Sayoha anatokea kwa mwanga kwenye pazia la kioo mbele ya wapiga ala wa kweli, na wiki ijayo lazima aukabidhi, naye hana pumzi za kuweka. Alijaribu kutumia za kwake mwenyewe, akatoa kipande kidogo watu wasikie, na maandishi yakapita, Sayoha anaumwa? Nikayasoma nikajifungia bafuni nikacheka peke yangu mpaka machozi. Lakini amekonda, na jana alipiga magoti kwenye mkeka, akaweka viganja chini, akaniambia, "Mistari minne tu. Bila wewe hawezi." Hakusema anayeshindwa ni yeye, hata katika kunipigia magoti alikuwa anamwombea yule.

Nimemwambia nitafikiri. Basi nifikirie nini, nimpe mke mwenzangu pumzi yangu aende akashangiliwe nayo, au nimwache akabwe mbele ya watu na mume wangu aaibike? Na kuna jambo jingine naona haya kuliandika, kwamba yale maneno, pumzi imenitoa machozi, kila Nobutaka akienda kazini nayafungua nayasoma tena.

Ni mimi, Mwenye Pumzi, Hamamatsu.

*

Mwenye Pumzi,

Weka supu chini kwanza, kompyuta haina kosa.

Pole, na pole yangu ni ya kweli. Mwanamke kuona mishumaa ishirini ya mwenzake na mmoja wake si jambo la kuchekesha, na huyo mama mkwe wako anasema kweli lakini ukweli wake hautulizi mtu. Hata hivyo, nimemtafuta huyo mke mwenza katika barua yako nzima, sikumwona. Nimeona mchoro. Na nimeona mama mmoja wa duka la gyoza aliyewaliza watu asiowajua huku anaosha mchele. Unachogombania ni chako mwenyewe, mama. Ungekuwa unamchukia Sayoha tu, usingekuwa unajificha kusoma sifa zake.

Na kimya chako usikione ni hekima. Mume amekukosea, hukumwambia neno, ukafunga mdomo na kwenda kuchekea bafuni. Kununa siku moja nakuruhusu, na kwa lile "hawezi" lake nakuongezea ya pili. Zaidi ya hapo unajinyima mwenyewe, maana kabla ya kinasa sauti kubandikwa ulikuwa unaimba, na hukuwa unamwimbia mtu.

Sasa wewe, bwana Nobutaka, maana mkeo hakika ataliacha gazeti hili mahali utakapoliona. Kuchukua pumzi ya mtu jikoni mwake bila kumuuliza ni wizi, na upole wako haupunguzi kitu. Watunzi wa nyimbo hizi nawajua, mpwa wangu ni mmoja wao. Chini ya kila wimbo mnaandika nani katunga, nani kachora, nani kapiga gitaa, hata paka aliyelia mwanzoni anatajwa. Paka anatajwa, mkeo hatajwi. Uliogopa nini? Kwamba watu wakijua, ufundi wako utapungua? Aliyejua pumzi ipi ni nzuri ni wewe, na hilo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini uliipata kwa mtu, na mtu huyo unakula naye.

Mama, fanya hivi, na ufanye leo. Mwambie akitoe kile kinasa sauti juu ya friji. Mkalishe mkekani mbele yako, masikio wazi, kompyuta imezimwa, umwimbie wimbo wote. Wote, si mistari minne. Usiitazame kompyuta yake, mtazame yeye usoni, na asiondoke mpaka akuambie kwa mdomo wake alichosikia. Miaka yote hii ameyasema hayo kwa mwingine, ulimi hauna udhuru.

Ukimaliza, mpe sharti moja. Jina lako liandikwe chini ya wimbo na kwenye karatasi watakazogawa ukumbini, jina lako kamili, si "mke wangu". Pumzi: fulani binti fulani. Akikubali, kaa mbele ya kinasa sauti umpe pumzi unazotaka kumpa, na zile usizotaka ubaki nazo. Akisita, akaanza kusema mashabiki hawatapenda kujua, basi funga mdomo kweli kweli, yule binti apande jukwaani akiwa amekabwa, na wewe utakuwa umejua unaishi na nani. Sidhani kama atasita. Mtu aliyekusikiliza silabi kwa silabi mwaka mzima anakujua kuliko anavyojua kusema.

Siku ya onyesho uende. Usikae nyuma, usivae kama mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake. Watu watainua vijiti vyao vya taa, Sayoha atatokea na nywele zake za kijani, na wewe utaumia kidogo, ni kawaida. Kisha atafika kabla ya mstari wa mwisho, ukumbi mzima utatulia, na utajisikia ukivuta pumzi mbele ya watu wote hao. Watakapoanza kushangilia, usipige makofi. Anayepigiwa hapigi. Inamisha kichwa hapo hapo ulipokaa, uyapokee.